Picha Ndani ya Mkebe wa Unga

Jumatatu, 3 Machi

Kazi kama kawaida. Leo marehemu wanne na harusi moja. Hapa Ngara, kwenye duka la kuchapisha, nakunja programu za mazishi na harusi tangu saa mbili asubuhi: karatasi katikati, kucha juu ya mkunjo, stepla mara mbili. Mzee wa Vihiga alikuwa na tabasamu zuri pichani, nikamkunja polepole.

Mwanangu Nekesa hakupiga simu jana. Kila Jumapili hupiga. Yuko kambi ya huko kaskazini, anatengeneza malori ya jeshi. Nimempigia mara sita. Mteja hapatikani.

Halafu saa nane mwanamke akapiga. Sauti laini. Aliuliza kama mimi ni mama yake Koplo Nekesa. Anataka picha yake nzuri na historia fupi. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alipenda nini akiwa mtoto. Anasema ni wa chama cha mafundi wanajeshi, cha kuwaendeleza kimasomo. Sijawahi kusikia. Nikakata simu. Nikajipiga stepla kwenye kidole.

Jumanne, 4 Machi

Sikulala vizuri.

Miaka kumi na moja nimekunja programu. Nani huulizwa historia yake akiwa hai? Picha nzuri, alizaliwa wapi, alisoma wapi. Hivyo ndivyo ukurasa wa pili huanza. Siku zote.

Mama Rehema, jirani yangu, mtoto wake Tito alikuwa mwanajeshi. Watu wa jeshi walianza kwa kuomba picha. Walisema ni ya faili tu. Siku ya tatu gari likaja hapa kwetu Kawangware na padri wa jeshi ndani.

Naogopa. Nimeandika, nimesema.

Jumatano, 5 Machi

Yule madam amepiga tena. Anaitwa Wairimu, anasema alistaafu akiwa kapteni. Ananiita mama, kwa heshima sana. Heshima hiyo ndiyo siipendi. Anasema picha na maneno ya mzazi yafike kabla ya Jumamosi jioni.

Nikamwambia amekosea namba. Hapa hakuna Nekesa.

Nimemkana mtoto wangu kwa mdomo wangu.

Nilipofika nyumbani nikatoa picha yake ukutani, ile ya siku aliyomaliza mafunzo, nikaifunga kwa nailoni nikaizika kwenye mkebe wa unga. Najua ni ujinga. Lakini naijua hii kazi. Hakuna picha, hakuna programu. Hakuna programu, hakuna mazishi.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana Harjit, mwenye duka, akanisimamia mezani. "Mama Nekesa, huyu marehemu umemkunja kichwa chini miguu juu. Familia yake watanizika mimi." Kumbe ni programu hamsini.

Nikamwambia yote. Akafikiria sana. Akasema huenda ni matapeli, wako wengi wanaotumia jina la jeshi kula watu. Wanatafuta habari za familia. Usiwape kitu.

Nilifurahi! Njia nzima nimemwomba Mungu wawe matapeli. Wezi tu. Wachukue hata nyumba nzima.

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja.

Nilikuwa naanika nguo. Mwanamke mrefu, mgongo umenyooka, na mwanamume wa suti nyeusi ameshika kitu cheusi kifuani kama Biblia. Wawili. Huwa wanakuja wawili.

Nikaingia kwa Mama Rehema nikajificha nyuma ya pazia. Mama Rehema akatoka kuwakabili na mwiko mkononi.

"Mama Nekesa? Huyo alienda ushago."

"Atarudi lini?"

"Akimaliza kupanda mahindi."

"Anapanda wapi?"

"Shambani, madam. Kwani nyinyi mnapanda wapi?"

Ingekuwa siku nyingine ningecheka. Wakapitisha barua chini ya mlango wangu, wakaondoka. Mama Rehema akaniangalia. Akanishika tu mkono. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Barua iko ndani ya Biblia. Sijaifungua. Nekesa hajapiga.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempa Bwana Harjit barua aifungue. Akaikata kwa rula ya chuma. Akasoma amesimama. Akavua miwani. Mimi nikakaa juu ya bunda la karatasi.

"Mama. Mtoto amepita mtihani."

Kumbe chama kipo. Ni cha mafundi wa jeshi wenyewe. Wanasomeshana, wanapeana mitihani ya injini, wanapata vyeti ambavyo hata kampuni za raia zinavitambua. Nekesa ni mmoja wa watano waliofaulu mwaka huu. Sherehe ni Ijumaa, hapa mjini. Kutakuwa na kijitabu, kila mmoja na ukurasa wake, picha na maneno ya mzazi.

Watu wa duka wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nikasoma barua mwenyewe, kwa kidole. Inasema *atatunukiwa cheti*. Haisemi yuko hai. Marehemu pia hutunukiwa. Nimewakunja wengi.

Nikampigia madam Wairimu. Nikajitambulisha kwa aibu. Anasema Nekesa yuko njiani na msafara wa malori, hakuna mtandao, atafika Alhamisi. Na kijitabu? Kilienda kuchapishwa Jumamosi jioni, mama. Pole sana.

Bado sijaamini. Picha inabaki ndani ya unga.

Alhamisi, 13 Machi

Amepiga!!! Saa nne na dakika kumi, niko kazini. Yuko hai, amefika, ana njaa.

Nililia mpaka Bwana Harjit akazima mashine.

Nekesa alicheka. "Mathe, ulimwambia madam hakuna Nekesa? Sasa mimi ni nani?" Nikajaribu kumweleza. Halafu akasema sawa, Mama, si neno.

Naijua hiyo sauti. Ni neno.

Ijumaa, 14 Machi

Ukumbi mzuri, viti vya kitambaa. Yule wa suti nyeusi ndiye katibu. Biblia yake ni faili la majina.

Nekesa ametembea mbele, viatu vinang'aa, amekonda. Amepokea cheti kwa mikono yake mwenyewe. Nimeiona mikono. Kucha zina oili bado.

Kijitabu kikafika kwangu. Nikakifungua katikati, kwenye pini, kama kazini. Wale wengine wanne wana picha za utotoni na maneno ya mama, baba, nyanya mmoja. Ukurasa wa Nekesa una jina lake na cheo chake. Chini, weupe mtupu. Kama mtoto aliyeokotwa.

Madam Wairimu akanishika mkono. Akasema chama huwauliza wazazi, kwa sababu mwanajeshi hawezi kujisifu, ataandika mistari miwili tu, namba yake ya jeshi na cheo. Nikasema ndiyo.

Nikamwona Nekesa akifungua ule ukurasa, akaufunga upesi. Akaniangalia ajue kama nimeona. Nikajifanya natafuta kitambaa kwenye mkoba.

Mimi nimefanya hivi. Si mwingine.

Jumapili, 16 Machi

Mchana. Nekesa amelala kitandani kwangu tangu turudi kanisani. Buti ziko mlangoni. Mama Rehema alipita akaziangalia, akazipanga vizuri, akaenda zake.

Nimetoa picha kwenye unga. Nimeipangusa.

Niliazima stepla ya kazini. Nimeinua pini za kijitabu chake kwa ncha ya kisu, taratibu, karatasi isichanike. Nimeongeza karatasi moja katikati. Nimebandika picha. Nimeandika kwa mkono wangu, darasa la sita ndilo nililofika, lakini inasomeka.

*Alizaliwa Kimilili wakati wa kuvuna, ndiyo maana anaitwa Nekesa. Akiwa darasa la nne alifungua redio ya baba yake, akairudisha, skrubu mbili zikabaki, na redio ikaimba kuliko kwanza. Baba yake alikasirika, halafu akacheza. Anapenda omena na hapendi kuamshwa. Mimi mama yake namjua.*

Hapo nikaacha. Kwenye programu za kazini, baada ya hapo huja mstari wa siku aliyofariki. Huo haujaja. Nimeacha nafasi chini, nusu ukurasa.

Kucha juu ya mkunjo. Stepla mara mbili. Nimekiweka ndani ya buti ya kushoto.

Anakoroma.