Hatua Arobaini na Mbili Kutoka Tangini

Jumamosi, 19 Julai 2008. Baridi kali, na ukungu umekaa juu ya vilima vya Lukenya mpaka karibu saa sita.

Leo nimerudi kwenye stesheni nilikozaliwa. Nimeishi mbali nayo miaka arobaini na tisa.

Nilikwenda na jembe, tepu ya kupimia na uhakika mwingi. Uwanja ulio nyuma ya stesheni utaanza kugawanywa ploti za maduka wiki ijayo. Karani wa wapimaji alitangaza kwamba mwenye kaburi la jamaa yake pale aje alionyeshe leo, liwekewe alama, kisha apewe nafasi ya kulihamisha. Asiyeonyesha, la kwake litajengewa juu.

Wangu ni Mwikali, dada yangu mdogo, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka mitatu. Baba alikuwa pointimani, mtu wa kugeuza reli ili gari moshi liingie njia yake, nasi tuliishi kwenye landhi za stesheni, vile vyumba vya wafanyakazi wa reli. Kazi ya Baba ilipokwisha, nyumba nayo ikaisha, tukahamia Mwala.

Kaburi halikuwa na msalaba. Baba alilazia juu yake taruma moja la chuma, lile linaloshikilia reli mbili pamoja. Watu wa genge, wale wanaotengeneza njia ya reli, waliliokota wakalirudisha stoo, maana taruma lililolala nje ya njia ni lazima lirudishwe. Baba hakuwalaumu. Akatuachia hesabu badala yake: hatua arobaini na mbili kutoka mguu wa tangi la maji, ukifuata reli kuelekea Mombasa, kisha tisa kuelekea Lukenya.

Hata Mama alipozeeka akaanza kusahau majina yetu, aliniuliza kila nilipomtembelea: "Hesabu ya Mwikali unayo?" Nami nilimjibu ninayo. Ndugu zangu wote wametangulia. Hesabu imebaki kwangu peke yangu.

Nimefundisha jiografia maisha yangu yote. Tangi halipo tena, lakini miguu yake ya saruji ipo. Nikapima hatua moja kwa mita moja, kama nilivyowafundisha wanafunzi. Nikachimba. Nikapata udongo mweusi mtupu. Nikapanua shimo. Udongo mweusi mtupu.

Mama Ndunge, mjane wa mtu wa genge, ambaye sasa huuza chai kando ya stesheni, alikuja kusimama juu yangu. Asubuhi alitaka kunisaidia kutafuta, nikamwambia ninajua ninachofanya.

"Mwalimu, hiyo ni kaburi ama ni choo unachimba?"

Karani alitazama saa yake. "Mzee, mimi sina neno. Ukisema ni hapa, naandika ni hapa."

Nilifungua mdomo niseme ni hapa.

Ninaliandika hili kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika. Ningebeba udongo mpaka Mwala, niuzike kando ya kaburi la Mama, na hakuna binadamu aliye hai ambaye angejua.

Nikasema, "Si hapa."

Ndipo Mama Ndunge akaniuliza Baba alisema nini hasa. Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kwani babako alikuwa na mita? Hao watu walikuwa wanakanyaga taruma kwa taruma. Bwanangu hata barabarani alitembea hivyo hivyo. Ukienda na yeye sokoni, mnafika soko imeisha."

Taruma moja, hatua moja. Nikapanda kwenye njia ya reli nikaanza kukanyaga, yeye pembeni akihesabu kwa Kikamba kwa sauti kubwa, kama anayeuza kuku. Arobaini na mbili ilinifikisha karibu mita kumi nyuma ya shimo langu. Kisha tisa, za kipimo kilekile.

Jembe halikwenda mbali. Liligonga kokoto za reli, zimepangwa kwa mkono, mistari miwili iliyonyooka, jiwe kwa jiwe.

Mistari yenyewe mifupi sana.

Ufupi huo ndio ulionikalisha chini. Mama Ndunge hakutania tena. Aliniletea chai, akakataa kuondoka mpaka niimalize.

Karani alivua kofia, akapigilia kigingi yeye mwenyewe, akaniuliza jina. Akaliandika kitabuni mwake: Mwikali. Kwa ninavyojua, ni mara ya kwanza jina hilo kuandikwa popote.

Nitamhamisha wiki ijayo. Lakini kabla ya hapo, kesho nikitoka kanisani nitapitia kwenye kaburi la Mama. Miaka yote hiyo nilimwambia ninayo hesabu, kumbe nilikuwa na nusu yake.

Kesho nitamjibu kwa ukamilifu. Arobaini na mbili, Mama, kisha tisa. Za mataruma.