Ndama wa Miguu Safi

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Nimemwona! Nilivuka feri alfajiri, saa mbili niko hifadhini Kwale na Menza, askari wa wanyamapori aliyepangiwa kunitembeza. Tumekaa garini mpaka kiuno kikaniuma. Halafu kundi la ndovu likatoka msituni, na katikati yao ndama — mkonga haujajua kazi yake bado, anaukanyaga mwenyewe! Mamake ana sikio la kulia lililoraruka. Menza akaninong'oneza nisisimame, mama huyo hana mzaha. Sikusimama. Nilipiga picha huku nacheka kimyakimya, na machozi yananitoka.

Miaka tisa ya kupiga picha za harusi, sijawahi kumpiga picha mtu asiyejua kwamba anapigwa.

Jumapili, 7 Septemba

Nyumbani, Mtopanga. Laptop, feni, chai ya Mama. Nimeanza na kazi ya watu: bi harusi wa Likoni, picha za sherehe ya kupambwa kwake. Aliomba nimtoe kovu la moto mkononi. Nimelitoa. Kovu, jasho, waya wa spika nyuma yake — mimi hutoa kila kitu. Ndiyo sifa yangu, na ndiyo sababu wanawake wananiita.

Kisha ndama. Picha moja tu ndiyo yenyewe: amesimama chini ya tumbo la mamake, jicho limekaza kwenye lenzi. Nimetoa nzi. Nimetoa tope. Mguuni kuna mstari mweusi, kama mmea uliomzonga, nimeutoa. Mguu wenyewe ulionekana mnene kuliko mingine. Nikasema ni kivuli, nikaulainisha. Nilitaka kulishona na sikio la mamake, umeme ukakatika. Basi, libaki.

Mama ameitazama, akasema ndama amependeza kama mwari. Nimewatumia Menza, na Lynnette anayesimamia maonyesho ya picha kule Nyali.

Jumatano, 10 Septemba

Nimechaguliwa! Lynnette amenipigia mwenyewe. Ndama wangu atatundikwa mlangoni, mkubwa kama dirisha. Watu wa majarida watakuja, huenda nikapata kazi ya wanyama, niachane na kumbi za harusi. Kuna fomu tu ya kujaza: kwamba picha haikuongezwa wala kupunguzwa kitu. Nimetia sahihi. Nzi na tope — nani atajali?

Ijumaa, 12 Septemba

Menza amenipigia baada ya adhuhuri. Wageni walimwona ndama anachechemea, waya wa mtego umemkaza mguuni. Leo ni siku ya tatu wanamtafuta, na daktari amekuja. Nikauliza, wa kundi lipi? Hawajui. "Lakini kundi la mwenye sikio lililoraruka tumeshaliondoa kwenye msako, dada Jalila. Picha yako imetufaa sana. Miguu yote safi."

Nikasema haya, kaka. Nikakata simu!

Picha ya asili ninayo. Nimeikuza mpaka mwisho. Si mmea. Mmea haumetameti hivyo. Nyama imevimba juu yake na chini yake.

Nimekaa. Nawaza ile fomu, ule mlango, na Mama aliyekwisha kuwaambia majirani. Naandika kwa aibu: nimekaa saa nzima. Mnyama ana waya mguuni, mimi nawaza jina langu. Tena ule uvimbe niliuona. Niliuona! Mkono ukapita tu, kama ulivyozoea.

Nimemtumia Menza picha ya asili, kisha nikampigia nikamweleza. Halafu, bila ukali — heri angenifokea — akasema nije kesho. Kundi limeingia ndani zaidi, nisaidie kulitambua.

Lynnette nimemwandikia yote. Amesoma. Hajajibu.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika garini, mwandiko mbovu. Tumewapata saa nne. Mwenye sikio yupo. Ndama yuko nyuma yake, nyasi zimemfika tumboni. Leo hachezi na mkonga.

Menza hajanitania hata mara moja tangu asubuhi.

Lynnette amejibu nikiwa ferini: neno moja, "Pole." Sijui pole ya nini. Ya picha, au yangu?

Daktari Achieng ametayarisha bunduki ya dawa ya usingizi. Anasema mama na mwanawe wakishalala dakika ni chache, na hapa tulipo miguu haionekani. Hataki kwenda kupapasa. Ataka kujua sasa: mguu upi, na waya umekaa wapi?

Menza ameniambia nitoe simu, tuangalie ile picha.

Sikuitoa. Nimewaambia: wa nyuma, kushoto. Vidole vinne juu ya kucha. Fundo liko upande wa ndani. Naujua wote ule waya, niliufuta kidogo kidogo asubuhi nzima.

Daktari amenitazama, kisha amemtazama Menza. Sasa anateremsha kioo. Mwenye sikio amegeuka huku kwetu —