Maziwa ya Mama Sumirah

Kirolirwe, Masisi
Jumatatu, tarehe 18 Agosti 2025

Mpendwa dada Agathe,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe uliye mbali kuliko wote wa ukoo wetu. Uko na afya? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua za huko Yogyakarta kimepoa? Mama anauliza kama bado unakula wali asubuhi, mchana na jioni. Anauliza kwa huruma, kama vile wali ni ugonjwa.

Sisi tuko wazima. Tangu turudi kutoka kambi ya wakimbizi tumepanda viazi na maharagwe, na udongo umetupokea vizuri. Mgongo wa Mama unauma lakini kicheko chake ni kilekile. Yule ng'ombe mwekundu wa Papa amezaa jike, na Papa anatembea kama mtu aliyepewa cheo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu rezo ya simu hapa inapatikana tu juu ya kilima, na kule kuna watu wengi wenye masikio. Unanijua, sauti yangu inakataa kutoka mbele za watu. Kaka Trésor akishuka Goma na pikipiki yake atapiga picha kurasa hizi na kukutumia.

Najua unangoja jibu moja tu: kama Papa amenikubalia kwenda Goma kwenye yale mafunzo ya kufasiri filamu. Nitafika huko. Lakini lazima nianzie kwa filamu uliyotutumia, ile ya Mama Sumirah, yule mtengeneza filamu wa huko kwako, maana mambo yote yalipitia pale.

Sijawahi kukuambia hili, naona haya hata kuliandika. Unamkumbuka Mama Kavira, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka kando ya barabara? Nyuma ya duka ana chumba cha mbao. Jumapili baada ya misa anatundika shuka nyeupe na kuonyesha filamu. Na kwetu, filamu isiyokuwa na mtu wa kuisema kwa Kiswahili siyo filamu. Zamani aliyesema ni Papa Straton, alisimama mbele na fimbo yake akasemea kila mtu, hata mbwa. Alipohamia Shasha kuuza samaki, Mama Kavira alitafuta mtu wa kusoma haraka yale maandishi ya Kifaransa yanayopita chini ya picha. Nilikubali kwa sharti moja: nikae nyuma ya shuka, na mtu yeyote asiambiwe ni nani anayesema.

Hivi tangu Pasaka mimi ni sauti isiyo na uso. Nyuma ya shuka maandishi yote yako kinyume kama kwenye kioo, lakini nimezoea. Papa hakujua. Yeye alikuwa anasema sinema ni ya watu wasiokuwa na ng'ombe wa kukamua, na msichana anayeonekana kule amepotea.

Sasa Mama Kavira, kwa akili zake za biashara, alitangaza sokoni kwamba Jumapili kutakuwa na "filamu ya ngombe." Wafugaji wote wa Kirolirwe walikuja. Nilichungulia kwenye tundu la shuka: Papa ameketi mstari wa kwanza, kofia kichwani, fimbo katikati ya magoti. Nilishusha sauti mpaka karibu iwe pumzi.

Mwanzoni walipenda. Waliusifu mlima, walisema unafanana na Nyamulagira, mlima wetu wa moto. Kisha ikafika pale mama mjane anapoamka alfajiri, anainama chini ya ng'ombe wake na kuanza kukamua.

"Ndama iko wapi?" mtu aliuliza.

Unajua kwetu. Ng'ombe haachilii maziwa mpaka ndama aonje kwanza, kisha asimame pale mbele akirambwa na mamaye. Kwenye filamu hakuna ndama. Kuna mama, giza na ndoo.

"Anakamua ngombe ya wenyewe!"

"Njo maana ameamuka na giza!"

"Huyu mama iko mwizi!" Sauti hiyo ya tatu niliitambua. Ilikuwa ya Papa.

Basi kesi ikaisha pale. Nilipomsemea mjane, "Maziwa haya ndiyo masomo ya binti yangu," walimjibu, "Maziwa ya nani? Sema kweli, mama!" Mlima ulipoanza kutoa moshi na askari wakaja kuteremsha watu, yule mama akaing'ang'ania kamba ya ng'ombe wake, asitake kumwacha. Askari wakamwinua, wakamtia kwenye lori. Unajua chumba kizima kilifanya nini? Kilisimama na kupiga makofi.

"Mumukamate! Mumufunge!"

"Kwanza aseme ile ndama alipeleka wapi!"

Walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Mimi nyuma nilikuwa nalia kwa hasira. Wao hawakujua, lakini mimi nilijua, kwa sababu wewe ulinieleza: yule hakuwa mwigizaji. Ni mama aliyemzaa Mama Sumirah, amekaa chini ya ng'ombe wake mwenyewe.

Sijui miguu ilinitoaje. Nilijikuta mbele ya shuka, mwanga wa projekta machoni, na ule mlima unafuka moshi juu ya gauni langu. Mama Kavira alisimamisha picha.

"Si mwizi," nilisema.

"Sema na nguvu!" walipiga kelele nyuma. Mwingine akasema, "Hee! Kumbe ile sauti iko ya mutoto ya Rukundo!"

Sikumtazama Papa. Nilitazama kofia yake tu, nikaanza kusema yote uliyonisimulia. Kwamba kule ng'ombe ni wa aina nyingine, wanakamuliwa bila ndama, na ndama anakunywa kwenye ndoo. Kwamba aliyetengeneza filamu ni mwanamke, na yule mama ni mama yake. Kwamba baba wa Sumirah alikuwa anazunguka vijiji na baiskeli, amebeba shuka kubwa ya sinema na miti ya mianzi ya kuitundika, akionyesha picha kwenye arusi na mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Wageni waliketi mbele. Watoto wa kijiji walikaa nyuma ya shuka, na Sumirah alikuwa mmoja wao, akiona kila kitu kinyume kama mimi.

Niliwaambia baba yake alifariki Sumirah akiwa bado mtoto, na maziwa ya ng'ombe mmoja yakamsomesha. Alikwenda mjini, akawa mpika chai wa watu wa filamu. Aliwapikia chai huku akitazama. Baadaye wakamwachia kubeba taa, kisha kukata na kuunganisha picha, miaka mingi, na jina lake haliandikwi popote. Filamu yake ya kwanza ilikataliwa kila mlango. Akatoa ile shuka ya baba yake sandukuni, akaizungusha filamu kijiji kwa kijiji. Hii ya mama yake njo ilimpeleka miji mikubwa ya dunia, akasimama mbele ya watu waliovaa vizuri, yeye aliyekuwa na haya kama yangu. Halafu akarudi mlimani kwake. Mpaka leo anafundisha watoto wa kijiji kushika kamera.

"Na askari hawamufungi," nilimaliza. "Wanamutoa kwenye moto wa mlima. Yeye hataki kuacha ngombe."

Nani pale hajaacha ng'ombe nyuma akikimbia vita? Mama mmoja alivuta kitenge chake akafunika mdomo.

Papa aliinua fimbo kama mwanafunzi. "Na ile ngombe," aliuliza polepole, "ilibaki?"

"Tuangalie, Papa."

Sikurudi nyuma ya shuka. Nilisimama kando na kuyasoma maandishi kwa upande wake wa kweli. Yule mama alipotoroka na kupanda tena, akamkuta ng'ombe amesimama kwenye majivu, kiwele kimejaa, mama zetu walipiga vigelegele vya impundu hadi mbao zikatetemeka. Papa alivua kofia akaitazama ndani muda mrefu.

Asubuhi Papa aliniita nishike yule ndama jike mbele ya mamaye huku yeye akikamua.

"Umwali, ile sauti ni ya tangu lini?"

"Tangu Pasaka, Papa."

"Umenipaka aibu." Aliendelea kukamua. "Nimeita mama ya watu mwizi, sababu weye unasema kama panya iko mu gunia. Ungesema na nguvu tangu mwanzo, ningetukana muntu?"

Sikujua nilie ao nicheke.

"Goma wanafundisha kusema na nguvu?"

"Wanafundisha, Papa."

"Basi uende. Urudi unasikika mpaka Bihambwe."

Njo jibu lako, dada. Nitakwenda kabla ya masomo kuanza. Na Jumapili ya jana nilipotoka nyumbani, ile shuka ya sinema niliyoileta kuifua ilikuwa imeshafungwa kwenye chukudu la mbao la magurudumu mawili, na Papa ndiye aliyelisukuma mpaka kwa Mama Kavira. Nilimfuata nyuma nikimfikiria Sumirah na ile baiskeli.

Lakini Papa hajamaliza. Unajua sheria yake: mtu ukimwita mwizi bure, unampelekea maziwa kwa mikono yako, naye akinywa, neno limekufa. Alitaka kutuma fromaji, jibini ya hapa kwetu, kwa ndege, Mama akamwambia itafika inatembea yenyewe. Sasa anakuomba wewe, kama binti yake, ununue maziwa mazuri ya huko, upande hadi kwa Mama Sumirah, umpe kwa mikono miwili, useme yanatoka kwa Rukundo wa Kirolirwe. Kama mama yake bado yuko hai, huyo ndiye anywe wa kwanza. Papa anasema pia, kwa heshima, filamu ijayo wamwonyeshe ndama hata kidogo, ili watu wasigombane.

Mama anakukumbatia, na Trésor anasema umtafutie jaketi la mvua. Mama Kavira anaomba filamu nyingine ya ng'ombe. Mungu akulinde kwenye hiyo milima ya moto, kama alivyotulinda kwenye yetu.

Tuandikie upesi kama amekunywa. Papa ameshaniuliza mara mbili leo, na barua hata haijafungwa.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda, safari hii kwa sauti kubwa,

Umwali