Spika wa Kasese Alipoteleza Ulimi

Kabugho, acha unachofanya! Bibi Hajara ametoka kusimulia jambo mbele ya wajukuu wote, na babu amejifunika uso kwa kofia.

Ni 1968. Vijana wa Kasese wana bunge lao la mdahalo, na hoja ya siku hiyo ni kama Uganda ijitoe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bibi, bado msichana, ndiye Spika.

Sasa sikia. Babu Muzamiru, polisi kijana wa kambini, anaongoza upande wa kujitoa. Wanapendana kwa siri! Na mbele kabisa amekaa Mzee Mahmood, baba yake bibi. Malori yake yanakwenda Mombasa, kwa hiyo hataki Uganda ijitoe, na polisi hataki hata kuwaona, maana humsimamisha kila kizuizi.

Kura zikalingana. Zikarudiwa, zikalingana tena! Watu wakapiga kelele, "Spika aamue!"

Bibi akasimama. Akitaka kumfurahisha baba yake, akatangaza: "Nakataa! Hatuwezi kuachana na Muzamiru!"

MUZAMIRU, Kabugho! Badala ya Jumuiya! 😂

Bibi akatamani ardhi immeze.

Mzee Mahmood akainuka taratibu. "Mheshimiwa Spika, hii hoja ya pili iko ya nyumbani. Afande, lete wazee wako. Lakini ukiwa mukwe wangu, malori yangu yatapita bila kusimama?"

Babu akapiga saluti, jasho linamtoka. "Hapana, mzee. Yatasimama kama ya wengine."

Mzee akacheka mpaka akakaa chini. "Basi huyu," akasema, "binti yangu nampa."