Kinachomshika Wanja

Jumatatu, 3 Machi
Gachoka nzima hakuna wa kunishinda drafti. Uongo. Mjukuu wangu Wanja amenipiga mara tatu kabla ya chai, tena kwa vifuniko vyangu vya soda. Miaka kumi na saba. Wiki ya pili hapa kwangu, tangu atoroke kwa baba yake wa kambo. Kwa nini, hasemi. Chakula anakionja tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeharibu. Ana jina la marehemu mke wangu. Nikamwita "mke wangu", kama babu yeyote hapa anavyomtania mjukuu. Akaganda. Sahani ikaanguka. Hapo nikaelewa yule baba wa kambo alimfanyia nini. Mzee mzima, mjinga mzima.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwomba msamaha. Sitamwita hivyo tena. Akalia, akasema yote. Mama yake alimwita mwongo. Nikamwambia mimi namwamini. Kisha akasema kuna siku hataki kuwa hai. Mimi hutania hata matangani. Hapo mzaha ulinikauka.

Ijumaa, 7 Machi
Zahanati, halafu polisi. Ripoti imeandikwa. Wanja atakuwa akiongea na mshauri kila Ijumaa. Nilimnong'oneza muuguzi: nikimwuliza mtoto habari ya kufa, si nitamtia wazo? "Mzee, uliza. Utamtua mzigo." Sikujua. Dawa za shamba nimezipeleka kwa jirani, zimefungiwa huko.

Jumapili, 9 Machi
Udadisi umenizidi. Nimemwuliza: siku zile mbaya, nini kilikushika ubaki hai? Nilitega sikio nisikie jina langu. Kwanza, mwalimu wa hesabu, aliyemwuliza kila asubuhi kama amekula. Pili, rafiki wa kwaya aliyemwekea nafasi kwenye benchi. Vitu vidogo hivyo! Na mimi je?
"Wewe ni wa nne, Guka."
Babu mzima, wa nne! Wa tatu nani?
"Mbuzi. Nisipoamka, nani atamkama?"
Nimepitwa na mbuzi. Na ni mimi niliyempa mbuzi huyo, alipofika hapa.

Jumamosi, 15 Machi
Wanja amemaliza sahani mbili za githeri, mahindi na maharagwe yetu. Jana ilikuwa siku mbaya, lakini alikuja kuniambia kabla sijauliza. Tukakaa na mbuzi mpaka ikapita. Leo kanishinda drafti tena.
Nilipomfundisha kukama aliahidi kunikata kucha za miguu. Mgongo wangu hauinami hadi huko tena. Daftari nimeliacha wazi mezani, makusudi, alisome.
Wanja, zile kucha. Kesho, tafadhali.