Kabla Hujavaa Hiyo Sare

Mjukuu wangu Tumaini,

Shangazi yako amenipigia simu kutoka huko Makambako, anapiga vigelegele utadhani kuna harusi. Eti umeitwa kwenye usaili wa upolisi. Eti Jumapili baada ya ibada mnafanya sala ya nyumbani, nami nije nikuwekee mkono kichwani, kama nilivyomwekea marehemu baba yako alipoanza udereva, na yeye shangazi yako alipoanza kushona. Nikamwambia nitafikiri.

"Mama, unafikiri nini tena? Mtoto kapata!"

Nikakata simu. Haya si ya kusemea kwenye simu, ndiyo maana nimekaa hapa mlangoni na kalamu ya mtoto wa jirani. Shule niliiacha darasa la tatu, utasoma hivyohivyo.

Nimechukia, Tumaini. Si hasira ya kupiga kelele. Ni kama mtu aliyeuma kiazi cha moto kwa hamu, akakuta kimeoza ndani.

Unaukumbuka ule mwaka viazi vilikubali mpaka tukakosa pa kuviweka? Ulikuwa darasa la nne. Mnunuzi akaja na lori na vijana wake, wakaanza kujaza magunia hapa uwanjani. Gunia likajaa mpaka mdomoni. Hawakulifunga. Wakalishonea kamba juu kama kofia, wakaendelea kupanga viazi humo, lumbesa yao ile, na bei ni ya gunia moja. Sisi watu wazima tumesimama, mikono nyuma, kama tunaangalia mvua. Ndivyo tulivyozoea huku. Mtu anakupunja mbele ya macho yako, nawe unamkaribisha chai ili mwakani arudi.

Wewe ndiye uliyesema. "Mbona limejaa na bado mnaweka?"

Vijana wakacheka, mmoja akakuita mama afisa. Wewe huyoo mpaka barabarani, ukarudi umemshika mkono askari aliyekuwa anapita na pikipiki. Nikasema leo tumekwisha. Ukamwonyesha gunia: "Afande, huu si wizi?"

Yule baba akaliangalia gunia, akamwangalia mnunuzi, akacheka. "Mtoto ana mdomo huyu! Hayo mambo ya biashara, malizaneni wenyewe." Wakaenda nyuma ya lori, yeye na mnunuzi. Waliporudi, ndoo ya viazi nilivyovitenga kwa mbegu ilikuwa imefungwa nyuma ya pikipiki yake. Viazi vyangu! Na hakuniangalia hata usoni.

Nawe, mtoto usiyefika kwenye usukani wa pikipiki yake, ukaenda kusimama mbele yake. "Afande, umemlipa bibi?"

Mtu mzima yule akajifanya anakaza kamba ya ndoo. Akakupita pembeni, akaenda zake na ndoo yangu. Nilitema mate pale alipokuwa amesimama. Jioni nikakukaangia mayai, wewe peke yako, wenzako wakanuna, nikawaambia wanune tu. Ukaniambia, mdomo umejaa: "Bibi, mimi nikiwa polisi nitawarudishia watu vitu vyao." Nikasema, "Kula, mke mwenzangu, usije ukapaliwa." Lakini moyoni nilifurahi mno.

Kwa hiyo usidhani naichukia sare. Ng'ombe wetu walipoibiwa, ni askari msichana aliyetembea nasi kwenye matope mpaka bondeni, akawapata. Wapo wa maana. Usinihubirie hayo, nayajua.

Ninachokichukia ni ulichokisema Pasaka, jikoni kwangu, ukidhani niko bandani nakamua. Mnamenya viazi, wewe na binamu zako. Mmoja akakuuliza kwa nini polisi, kwa nini si ualimu. Ukasema, "Ualimu wa nini? Nipangwe barabarani mwaka mmoja tu, bibi atakuwa na bati la rangi." Mkacheka mpaka mwenzako akaangusha kisu. Nami nimesimama nyuma ya mlango na maziwa yangu.

Bati la rangi! Litoke kwa nani? Kwa dereva wa mbao anayeshuka kutoka Matembwe, watoto wake hawajala? Kwa kijana wa bodaboda asiye na kofia? Halafu unilaze mimi chini yake, mvua ikinyesha nisikie watu wananilaani kila tone! Bati langu lina kutu, linavuja pale pembeni ya kabati, lakini hakuna anayeweza kuja kusimama uani akaniambia, bibi, niteremshie, hilo ni langu.

Nilinyamaza siku ile kwa sababu ya wageni. Sasa wageni wameondoka. Na usiniambie ulikuwa utani. Utani naujua, nimekutania tangu uko mgongoni. Ule ulikuwa mpango.

Jumapili nitakuja. Nitapanda kosta ya kwanza, nitavaa kitenge changu kizuri, asije mtu akasema bibi kagoma. Kabla ya sala, mbele ya shangazi yako na mchungaji, nitakuuliza kitu kimoja tu: dereva akikupa leseni yenye noti iliyokunjwa ndani, utafanya nini? Jibu la usaili sitaki, hilo kawape wao. Mimi niangalie usoni unijibu.

Nikikuamini, nitakuwekea mikono yote miwili, na nitalia, najijua. Nisipokuamini, nitakunywa chai yenu, nitaaga vizuri, nirudi Igwachanya na kosta ya mchana. Wengine waweke mikono yao wakitaka. Yangu itabaki ndani ya kitenge.

Haya, uvae sweta, huko kwenu kuna upepo.

Ni mimi bibi yako niliyekulea,
mama wa baba yako.