Maharagwe ya Kingi Hayajaniua

Mama mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimeketi mlangoni pa nyumba yako, chini ya mabati uliyoyanunua mwenyewe. Tangu tukuzike nimekuwa nikilia kwa huzuni. Leo naandika kwa hasira. Siku zote ulitaka niandike kwa utaratibu, kama mtu aliyesoma. Nitajaribu.

Wanasema pesa imekuua.

Hawakungoja hata udongo ukauke. Jirani yako Mama Riziki, yule uliyemgawia chumvi miaka yote, alitamka kando ya kaburi kwa sauti ya kusikika: "Njo ile makuta ya bure. Imemukula." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Wewe, Mama, uliyekohoa tangu mimi nikiwa sekondari! Wewe ambaye kifua chako kiliharibikia kwenye mvua ya feremu, lile shamba kubwa la mifugo la tajiri, ukikata magugu katika malisho ya ng'ombe wake siku tatu kila wiki, ili msimamizi wake akuruhusu kulima kipande kidogo cha ardhi kule Kingi. Miaka yote hiyo ya salongo, kazi ya bure ya kulipia ardhi, na sikumsikia mtu hata mmoja akisema kwamba salongo inaua. Pesa ya shirika la misaada iliingia kwenye simu yako juzi tu, mara tatu, na tayari imehukumiwa.

Acha nikukumbushe pesa hiyo ilifanya nini, kwa sababu hapa hakuna anayetaka kukumbuka. Ulimlipa msimamizi kodi ya shamba kwa fedha taslimu, misimu miwili kwa mpigo, ukamwambia hutamlimia tena. Ulinipigia simu ukicheka: "Nilimulipa, akatafuta maneno, akakosa." Jumatatu iliyofuata ulibaki nyumbani. Mdogo wangu Furaha anasimulia kwamba ulikaa kwenye kigoda, mikono juu ya mapaja, ukiwatazama wenzako wakipita na majembe, mpaka jua likapanda. Alipokuuliza kama unaumwa, ulimjibu: "Hapana. Niko najifunza kukaa."

Amenieleza hilo mara nne sasa, na kila mara nimetoka nje.

Shitingi ya kambini, lile turubai kuukuu la wakimbizi, ikashuka kutoka kwenye paa. Furaha akarudi shuleni. Ukanunua godoro, ukalalia upande mmoja tu kwa sababu hukuzoea upana. Majirani walipokuja kukuonya kwamba pesa ya bure ina mwenyewe, na kwamba mwenyewe ni shetani, uliwajibu: "Kama shetani njo analipa, basi iko bwana muzuri kupita ule wa feremu. Yeye hajanituma kulima na mvua." Waliondoka wamenuna. Sasa umekufa, na wanadhani wamekushinda katika mabishano yale.

Hata hivyo, Mama, heshima yangu kwako hainiruhusu kuwashutumu wao peke yao.

Unakumbuka siku wageni wa shirika walipokuja kuandika majina kwenye uwanja wa kanisa. Mimi nilikuwa nimefika kutoka Goma na lisansi yangu mpya, digrii ya maendeleo ya vijijini, viatu vinang'aa. Hakuna aliyeniomba neno. Nilisimama kwa sababu nilitaka wageni wale wajue kwamba kijiji hiki kina msomi, na pengine wanikumbuke siku ya kutafuta wafanyakazi. Nikawamwagia hoja za memwari yangu ya kuhitimu: kwamba fedha mkononi huharibu maskini, humfanya mvivu na mtegemezi. Wageni waliandika. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Kutoka katikati ya wanawake ukanyanyua sauti: "Mutoto yangu, wewe ulisoma na makuta ya nani? Ulinilipaka?"

Uwanja mzima ulicheka. Nilikununia siku mbili. Laiti ningerudishiwa siku hizo mbili.

Maneno yale niliyoyatamka kwa kiburi yamenirudia kwenye matanga yako. Mjomba alikuja na pikipiki kutoka Kashebere, akaketi na wazee, wakakata shauri: maharagwe ya Kingi, kwa kuwa yalipandwa kwa pesa ile, yasiingie katika nyumba hii, na atakayeyala atakufuata. Furaha alipothubutu kuuliza, Mjomba alininyooshea kidole: "Hata mutoto wa marehemu, mwenye lisansi, alisema mbele ya batu ile makuta iko mubaya. Ao sivyo?" Watu wote walinigeukia. Mama, nilikaa kimya. Nimefundishwa kutetea tasnifu mbele ya maprofesa watatu, na nilishindwa kukutetea mbele ya mjomba mmoja aliyeshika chupa ya pombe ya kasiksi.

Msimamizi wa feremu alikuwa amesikia kabla sisi hatujanywa hata chai. Alituma mchungaji wa ng'ombe na ujumbe: shamba lisipovunwa kufikia Jumamosi atafungua uzio, ng'ombe waingie, na msimu uliobaki atauhesabu kama umeachwa. Kuhusu Furaha, alisema binti anaweza kuchukua nafasi ya mama yake katika salongo. Nafasi yako! Kana kwamba ulimwachia kiti. Na Mjomba, kaka yako wa tumbo moja, aliona kwamba ni jambo la busara. "Kazi haijaua muntu," alisema, akiwa ameketi mahali ambapo kaburi lako linaonekana.

Hapo ndipo kimya changu kiliponitoka, lakini si kwa maneno. Ijumaa mapambazuko, mimi na Furaha tulipanda kwenda Kingi. Nilikuwa nimepita kila nyumba kuomba mkono wa kuvuna, na kila nyumba ilikuwa na mgonjwa, mgeni au mvua itakayonyesha. Tuling'oa wawili. Maganda yalikuwa makavu, yakipasuka mikononi, mazuri mno, Mama. Tukapiga, tukapepeta, tukajaza magunia. Hakuna mwenye pikipiki aliyekubali kuyabeba.

Basi nikachukua ule mkanda wako wa gome wa kubebea mizigo, nikauweka kwenye paji la uso, nikainama chini ya gunia kama ulivyokuwa ukiinama. Unajua vizuri kwamba kwetu mwanaume habebi hivyo. Walitoka kwenye milango yao kunitazama. "Angalia lisansi! Inabeba na paji la uso kama mama!" Kijana mmoja akauliza kama hilo ndilo somo la mwaka wa mwisho. Hatua mia moja za kwanza nililia kwa aibu. Baada ya hapo shingo iliuma kiasi kwamba aibu ilikosa nafasi, na nikafahamu kwa nini kila jioni ulikuwa ukiniomba nikukande hapo, chini ya kisogo, na kwa nini nilikuwa nikijibu kwamba nina mtihani. Nilirudi mara tatu.

Jumamosi, siku ya kumaliza matanga, Furaha alipika chungu kizima cha maharagwe yale uani. Nikasimama mbele ya watu wale wale wa uwanja wa kanisa. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nikaiacha mfukoni. Nilisema: "Siku ile nilikosa. Mama alikuwa na haki." Nikala. Furaha akala. Walitutazama kama watu wanaosubiri mti uanguke. Mjomba akasema: "Tutaona kesho."

Kesho yake, kabla jogoo hajanyamaza, aligonga mlango. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Umeamuka?" Nikasema nimeamka. "Na mutoto mwanamuke?" Yuko anafagia. Akachungulia uani, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Bado iko kidogo?"

Alikula sahani mbili, Mama. Sijamsamehe. Nilimpakulia kwa sababu ni kaka yako, nikamwomba jambo moja tu: aende pamoja nami kwa msimamizi, aseme mbele yake kwamba shamba limevunwa na kwamba msimu wa pili tayari umelipiwa. Alienda mdomo ukiwa bado na mafuta. Msimamizi alitafuta maneno, akakosa.

Nimeitwa Goma kufanya mtihani wa kazi, katika shirika linalogawa pesa kama ile. Wakiniuliza ninaamini nini, nitawaeleza kuhusu mwanamke aliyekaa kwenye kigoda siku ya Jumatatu. Wanipe kazi au wasinipe, mvua ya kupanda itanikuta Kingi. Furaha hatakanyaga malisho yale kwa salongo. Hilo nakuahidi nikiwa na alama ya mkanda wako kwenye paji la uso.

Haya, Mama. Pumzika upana wote wa godoro.

Mwanao,
Bahati